Herufi Moja Juu ya Tarehe: Nilivyojifunza Kuzisoma Pauni za Dhahabu

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na pauni moja ya dhahabu aliyoivaa kwa mkufu mwembamba, na siku za kawaida ilikaa chini ya kanga isionekane. Ilitoka nje siku za harusi na sikukuu tu. Sisi wajukuu wake tuliijua kwa upande mmoja, ule wenye mtu aliyepanda farasi, upanga mkononi, na joka limegaragara chini ya kwato. Upande wa pili, wenye kichwa cha mfalme mwenye ndevu, ulilala kifuani pake na haukutushughulisha. Nilipokuwa najiandaa kwenda Uingereza kusoma, Bibi alinifunga mkufu ule shingoni kwa mikono yake mwenyewe, nyumbani kwetu Ng'ambo, Unguja, akaniambia, "Mjukuu wangu, pauni hii si ya kuuza. Lakini ukikwama huko ugenini, iuze, wala usione haya."

Nilikwama mwaka wa pili. Kodi ya chumba ilikuwa imelimbikizana, na siku moja ya baridi niliingia katika duka dogo la sarafu kongwe jijini London, nikauvua mkufu na kuuweka juu ya kitambaa cha mahameli. Mwenye duka, mzee wa makamo ya baba yangu mkubwa, hakumtazama farasi wala mfalme. Aliishika pauni kwa kingo, kwa vidole viwili, akaweka lenzi jichoni na kuangalia sehemu ya juu kabisa, pale sonara wa Unguja alipolehemu kitanzi cha kupitishia mkufu. Akanieleza kwa upole kwamba sarafu iliyolehemiwa hununuliwa kwa bei ya dhahabu yake na si zaidi ya hapo, kwa sababu moto huyeyusha vijino vya ukingo, na hata kitanzi kikitolewa kovu hubaki. Nilidhani mazungumzo yamekwisha. Lakini alinikabidhi ile lenzi, akaniambia niitazame ardhi anayoikanyaga farasi, katikati, juu kidogo ya tarehe 1918. Nikaona kijistari kilichosimama wima ambacho tangu utotoni, kila nilipokipapasa, nilikidhania kuwa mkwaruzo. Ilikuwa herufi I.

"India," alisema. "Hii ilifuliwa Bombay."

Nikaomba nirudishiwe pauni yangu. Kodi nililipa kwa fedha ya kukopa kwa rafiki, na wiki ile ile nikaanza kusoma kila nilichoweza kukipata juu ya pauni za dhahabu za Uingereza. Ni miaka mingi sasa, na bado nasoma.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba kufua pauni za dhahabu hakukuwa kazi ya London peke yake. Dhahabu ilipogunduliwa Australia, ilionekana ni hasara kuisafirisha ikiwa ghafi mpaka Uingereza kisha kuirudisha ikiwa sarafu, na ndiyo maana Kiwanda cha Kifalme cha Sarafu kikafungua tawi Sydney mwaka 1855, halafu Melbourne mwaka 1872 na Perth mwaka 1899. Ottawa, Kanada, ilifuata mwaka 1908, Pretoria mwaka 1923, na katikati yake Bombay, ambayo ilifua pauni za tarehe moja tu, 1918, kwa sababu vita vilikuwa vimeifanya safari ya dhahabu baharini kuwa ya hatari. Kila tawi liliweka herufi yake: S, M, P, C, I, na SA kwa Afrika Kusini. Pauni ya London haina herufi. Herufi zenyewe hazifiki hata milimita moja, na kwa pauni za Victoria za zamani hazikai juu ya tarehe, bali chini ya shingo ya malkia au chini ya ngao iliyochongwa nyuma ya sarafu, kwa hiyo asiyejua mahali pa kuangalia ataipita herufi mara mia.

Kwa mtu wa pwani, ile I ya Bombay ina uzito wa namna yake. Mwaka 1899 sheria ya India iliitambua pauni ya dhahabu kuwa sawa na rupia 15, na kiwango hicho ndicho kilichotumika pia kwetu, enzi ambazo rupia ilikuwa ndiyo fedha ya Unguja na Mombasa. Mwaka huo huo wa 1918 Bombay ilitoa pia sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye ukubwa na uzito ule ule wa pauni. Majahazi na meli za Bombay zilikuwa zikitia nanga Unguja tangu kabla ya hapo, na hainishangazi hata kidogo kwamba pauni ile iliishia kwa sonara wa mjini kwetu badala ya kwenye hazina ya benki.

Waingereza wenyewe huiita sovereni, na jina hilo ni kongwe kuliko sarafu yenyewe tunayoijua. Sovereni ya kwanza ilifuliwa mwaka 1489 kwa amri ya Mfalme Henry wa Saba, sarafu kubwa ya zaidi ya gramu 15, mfalme amekaa juu ya kiti chake cha enzi, na ilikuwa zaidi ya kuonyesha ufahari kuliko ya kununulia nyama sokoni. Ile ya Bibi ni ya ukoo mpya. Baada ya vita na Napoleon, Uingereza iliamua kuzipanga upya fedha zake kwa sheria ya mwaka 1816, na mwaka uliofuata ikatoka pauni mpya ya shilingi 20: gramu 7.988, milimita 22 upana, karati 22, yaani sehemu 11 za dhahabu na sehemu moja ya madini mengine, ambayo kwa kawaida ni shaba. Vipimo hivyo havijabadilika mpaka leo. Pauni iliyofuliwa mwaka 1817 na ile iliyofuliwa mwaka jana zikiwekwa kwenye mizani pande mbili, zitasimama sawa.

Yule mpanda farasi ni Mtakatifu George, na aliyemchonga ni Benedetto Pistrucci, mzaliwa wa Roma aliyefika London mwaka 1815. Herufi zake, B.P., zimo kulia mwa tarehe, ndogo kama mbegu za ufuta. Katika pauni za mwanzo, za 1817 hadi 1820, George ameshika kipande cha mkuki uliovunjika na amezungukwa na mshipi wenye maandishi. Upanga ulikuja mwaka 1821. Baadaye kidogo farasi aliondolewa kabisa, na kuanzia 1825 nafasi yake ikashikwa na ngao, mpaka aliporudishwa mwaka 1871. Kwa upande wa Victoria, mtu akizipanga pauni zake mezani anaona maisha ya mwanamke mmoja yakipita: msichana aliyefunga nywele kwa utepe, kazi ya William Wyon, mama mwenye taji dogo mwaka 1887, alipotimiza miaka 50 ya utawala, kazi ya Joseph Edgar Boehm, na mjane mwenye ushungi kuanzia 1893, kazi ya Thomas Brock. Mimi nampenda huyu wa mwisho. Ana uso wa bibi aliyezika watu wake.

Nilianza kununua polepole, pauni moja baada ya miezi kadhaa ya kujinyima, na makosa niliyoyafanya ndiyo yaliyonifundisha zaidi ya vitabu. Kosa la kwanza lilikuwa kupenda mng'ao. Nilinunua pauni ya Edward wa Saba ya mwaka 1908 iliyometa kama kioo, nikaipita nyingine ya rangi ya asali iliyofifia, kwa kudhani kufifia ni uchafu. Kumbe ile yenye kumeta ilikuwa imesuguliwa kwa dawa ya kusafishia vyombo, na nilipoielekeza kwenye taa niliona mikwaruzo myembamba ikikimbia upande mmoja, kama alama za ufagio kwenye ua wa mchanga. Sarafu ambayo haijaguswa huwa na mng'ao unaozunguka ukiigeuza, unaotokana na jinsi dhahabu ilivyotiririka chini ya shinikizo la muhuri. Mng'ao huo ukishasuguliwa hauna fundi wa kuurudisha. Tangu siku ile sarafu zangu sizifuti kwa kitu chochote, hata kwa kitambaa laini, na huzishika kwa kingo tu.

Kosa la pili lilikuwa zito. Katika soko moja la vitu vya kale niliona pauni ya 1917 yenye kichwa cha George wa Tano, na juu ya tarehe hapakuwa na herufi yoyote. Moyo ulinidunda. Nilishasoma kwamba pauni za 1917 zilizofuliwa Australia na Kanada ni za kawaida, ila zile za London ni adimu mno, kwa kuwa nyingi ziliyeyushwa. Wakati huo wananchi wa Uingereza walikuwa wameshazisalimisha pauni zao tangu vita vilipoanza Agosti 1914, wakapewa noti za karatasi za pauni moja na za shilingi 10, na dhahabu ikaenda kulipia vita. Muuzaji alitaja bei iliyozidi kidogo tu thamani ya dhahabu. Nikajiambia hajui anachokiuza, nikalipa haraka bila kuuliza lolote, nikaondoka na furaha ambayo sasa naikumbuka kwa huzuni, kwa sababu ilikuwa furaha ya kumshinda mwenzangu.

Nyumbani nilifanya vipimo vyote nilivyovijua. Mizani yangu inayosoma sehemu ya mia ya gramu ilionyesha 7.98. Kisha nikafanya jaribio la maji, ambalo namsihi kila anayenunua dhahabu ajifunze: niliweka kikombe cha maji juu ya mizani, nikairudisha mizani kwenye sifuri, nikaifunga pauni kwa uzi na kuining'iniza ndani ya maji bila kugusa kitako wala ukuta wa kikombe. Mizani ikasoma 0.45. Ukigawanya 7.98 kwa 0.45 unapata takribani 17.7, na huo ndio msongamano wa dhahabu ya karati 22 iliyochanganywa na shaba. Shaba ya manjano iliyopakwa dhahabu haiwezi hata kukaribia hapo. Nikalala usingizi mzuri.

Miezi kadhaa baadaye niliipeleka kwa mtaalamu wa nyumba moja ya mnada. Hakuipima hata uzito. Aliniomba pauni nyingine yoyote ya mfalme yule yule, nami nikampa ile ya Bibi, na kitanzi chake. Aliziweka pamoja chini ya taa, akaniachia lenzi nitazame mwenyewe. Nilianzia shingoni mwa mfalme: kwenye pauni ya Bibi, pamoja na kuvaliwa miaka yote ile, herufi B.M. za mchongaji Bertram Mackennal zilisomeka. Kwenye ile ya 1917 zilikuwa uvimbe tu. Hatamu za farasi zilikuwa kama uzi uliolowa. Uwanda ulio wazi mbele ya uso wa mfalme ulikuwa na vipele vidogo vidogo, na vijino vya ukingo havikulingana kina. Ilikuwa dhahabu ya kweli na sarafu ya uongo.

Niliuliza swali ambalo naamini kila mtu huuliza: mtu anapata faida gani kughushi sarafu kwa kutumia dhahabu halisi ya kiwango kile kile? Jibu limo katika historia. Pauni za dhahabu zilipoacha kufuliwa kwa matumizi ya kawaida, bado zilitafutwa sana Ulaya ya kusini na Mashariki ya Kati, mahali ambapo watu walikuwa wamezizoea kwa vizazi. Uingereza ilizitumia kugharimia uasi wa Waarabu dhidi ya Waturuki katika Vita vya Kwanza; na mwaka 1933, Saudi Arabia ilipotoa kibali cha kwanza cha kutafuta mafuta kwa kampuni ya Kimarekani, malipo ya mwanzo yalikuwa pauni 35,000 za dhahabu, zilizohesabiwa mkononi huko Jeddah. Kwa hiyo pauni moja ilipata bei kubwa kuliko dhahabu iliyomo, na pengo hilo ndilo lililowalisha waghushi, hasa miaka ya 1950 nchini Italia na Lebanoni. Serikali ya Uingereza ilianza kufua tena pauni mpya mwaka 1957, zenye sura ya Elizabeth wa Pili aliyechongwa na Mary Gillick, na sababu mojawapo ilikuwa kuwakatia riziki waghushi hao. Hata vijino vya ukingo wa pauni za mwaka ule vilifanywa vyembamba zaidi ili iwe vigumu kuviiga.

Fedha yangu haikupotea yote, kwa kuwa dhahabu ilibaki dhahabu. Nilichopoteza ni imani yangu kwenye mizani. Tangu hapo mimi huisoma sarafu kwanza, na kuipima baadaye. Naanza na mfalme na tarehe, kama vinaafikiana. Halafu herufi na mahali ilipo. Halafu maandishi, kama kingo zake ni kali. Halafu ukingo wote, nikiuzungusha polepole, na kukaa zaidi juu kabisa, mahali pa kitanzi. Hata tarehe huwa inahitaji kufikiriwa. Kuna pauni nyingi za London za 1925 ambazo zilifuliwa kati ya 1949 na 1952, zikiwa na sura ya mfalme aliyekwisha kufa na tarehe ya zamani, na zote ni halali.

Ulaya kuna watu wengi wanaokusanya pauni hizi kama akiba tu, na kwa Uingereza kuna sababu ya kisheria, maana mkazi wa nchi ile hatozwi kodi ya faida anapoziuza. Sina ugomvi nao. Wengine huzificha na kufa na siri: mwaka 2016, huko Shropshire, fundi aliyekuwa akitengeneza piano ya shule alikuta ndani yake pauni na nusu pauni za dhahabu 913, za tarehe za 1847 hadi 1915, zimefungwa vifurushi, na mwenyewe hakupatikana.

Sarafu iliyonitikisa kuliko zote sikuwahi kuimiliki. Kabla ya pauni ya 1817 Waingereza walikuwa na gini, iliyofuliwa tangu 1663 mpaka 1814, na ilikuwa kati ya sarafu zao za kwanza kufuliwa kwa mashine badala ya nyundo, ili ukingo uwe sawasawa na wezi wasiweze kuukata vipande vyembamba na kuyeyusha walivyokata. Bei yake ilipanda na kushuka mpaka mwaka 1717, Isaac Newton alipokuwa msimamizi wa kiwanda cha sarafu, ilipowekwa shilingi 21. Wakusanyaji wapya huipenda ile ya mwisho wa karne ya 18, ambayo ngao yake inafanana na shupaza ya karata, na wengi huishia kuuziwa vijisarafu vya shaba ya manjano vilivyotengenezwa kwa ajili ya michezo ya karata.

Lakini jina lenyewe, gini, ni jina la pwani ya Afrika Magharibi. Dhahabu nyingi ya mwanzo ilitoka huko, ikiletwa na kampuni ya kifalme iliyopewa haki ya biashara ya Afrika, ile ile iliyosafirisha Waafrika wengi watumwa kuvuka Atlantiki kuliko kampuni nyingine yoyote. Sarafu zilizofuliwa kwa dhahabu ya kampuni hiyo zilitiwa alama: tembo mdogo chini ya shingo ya mfalme, na baadaye tembo aliyebeba ngome mgongoni. Siku moja, kwenye maonyesho ya kabla ya mnada, niliruhusiwa kushika gini ya Charles wa Pili yenye tembo. Ilikuwa nzito kuliko nilivyotazamia, pana kidogo kuliko pauni, na tembo yule alikuwa mdogo kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho. Watu walionizunguka walizungumzia uadimu wake na hali yake njema. Mimi niliwaza mikono iliyoichimba dhahabu ile, na watu waliosafirishwa na merikebu za kampuni ile ile, ambao majina yao hayakuandikwa popote wakati tembo amechongwa kwa ustadi mpaka mkonga unaonekana. Niliirudisha kwenye kisanduku chake, na siku ya mnada sikwenda.

Bibi amekwisha kutangulia mbele ya haki. Mwaka aliofariki nilikwenda Unguja, na sonara mmoja wa mjini, kijana mwenye mkono mwepesi, alijitolea kukiondoa kitanzi na kuliziba kovu ili pauni ionekane kama mpya. Nilikataa. Sarafu zangu nyingine zimo kwenye vibahasha vya karatasi, kila kimoja kimeandikwa mfalme, tarehe, kiwanda na siku niliyoinunua. Kibahasha cha Bibi nilikiandika usiku ule ule, kwa Kiswahili: "Pauni. George wa Tano. Bombay, 1918, herufi I. Kitanzi cha Unguja. Imevaliwa mpaka pua ya mfalme imelainika. Si ya kuuza. Ukikwama, iuze."